Michezo ya watoto Zanzibar: kukutana uwanjani hakutoshi, tuwachanganye ndani ya timu moja

Mleta uzi

Assalaam alaykum, na salamu kwa ndugu zetu wote wa Unguja, wa Pemba na walio mbali na nyumbani.

Ninafundisha skuli ya msingi katika Wilaya ya Magharibi B, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimamia michezo ya watoto wa darasa la tatu hadi la sita. Nimeileta mada hii kwa sababu kwenye vikao na hotuba tunaambiwa kila mara kwamba michezo inawaunganisha watoto, na maneno huishia hapo. Ninavyoona mimi, michezo huunganisha pale tu tunapowaweka watoto wa asili mbalimbali ndani ya timu moja, wakawa na kazi moja na wakategemeana katika kuifanya. Tukiwakutanisha uwanjani huku kila kundi limekuja na timu yake, tunaweza kuondoka na utengano mkubwa kuliko tuliokuja nao.

Nieleze kwanza watoto ninaowasema. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na karibu nusu yao, yaani 893,169, wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa haiulizi kabila, na swali hilo halijaulizwa Tanzania tangu sensa ya 1967, jambo ambalo naliunga mkono. Lakini mwalimu anayeita majina kila asubuhi anajua kwamba darasani kwake wamo watoto ambao wazee wao wametoka Micheweni na Kojani, wengine Makunduchi na Tumbatu, wengine Tabora na Mtwara; wamo wenye asili ya Kingazija, ya Kihindi na ya Kimanga, na wamo Wakristo ambao baba zao wamekuja kwa kazi za hoteli na ujenzi. Mitaa yetu mipya imekua haraka mno, na watu wamejenga karibu na jamaa zao, kwa hivyo hata ndani ya shehia moja unakuta upande wa Wapemba, upande wa watu wa kusini na upande wa watu wa Bara.

Sasa tazama namna watoto wanavyojigawa wenyewe wakiachiwa mpira. Mwenye mpira na mwenzake mmoja husimama mbele, wakaanza kuchagua kwa zamu. Anayechaguliwa mwanzo ni jirani, wa pili ni yule anayesoma naye chuo kimoja cha Qurani, wa tatu ni mtoto wa ami yake. Mtoto aliyehamia muhula huu kutoka Wete au Morogoro hubaki ameegemea ukuta hadi mwisho, kisha huambiwa akae goli. Hapo hakuna aliyetukana wala aliyekusudia ubaya, na ukimuuliza aliyechagua atakwambia kwamba amewachukua anaowajua. Lakini mchezo huo ukirudiwa kila jioni kwa mwaka mzima, mtoto yule wa ukutani anajifunza mahali pake, na wale wengine nao wanakipata kipimo cha kuwapimia watu.

Historia yetu wenyewe ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mnazi Mmoja iko pembezoni mwa lile khori, yaani mkono wa bahari, lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambalo lilifukiwa kidogo kidogo enzi za ukoloni, na pale ndipo palipokuwa moyo wa michezo mjini. Wazungu walikuwa na gofu na tenisi yao, Wagoa walikuwa na klabu yao, Wangazija yao, Waarabu yao, na jumuiya za Kihindi kila moja ilikuwa na ya kwake. Walikutana sana, wakicheza kriketi na kandanda mbele ya mashabiki wengi, na wazee waliozikuta siku hizo bado wanazisimulia kwa mapenzi. Hata hivyo, mtoto aliyekulia katika klabu ya jumuiya yake alimjua mtoto wa jumuiya nyingine kwa jezi ya upande wa pili. Siasa za miaka ya 1950 zilipopamba moto, mazoea ya uwanjani hayakuweza kuzuia lolote, na Juni 1961, baada ya uchaguzi, fujo za mitaani na mashambani zilichukua roho za watu 68. Sisemi kwamba vilabu ndivyo vilivyoleta mauti hayo, kwa sababu chanzo kilikuwa ardhi, kazi, kura na madaraka. Ninachosema ni kwamba miongo kadhaa ya kukutana kwenye majani mamoja haikujenga urafiki wa kutosha kuwazuia watu wasiinuliane mikono.

Wataalamu waliochunguza jambo hili katika nchi nyingine wamefika karibu na hapo hapo. Kiangazi cha 1954 huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11, wote wa rangi moja, dini moja na hali moja ya maisha, wakawagawa makundi mawili kambini. Mara yalipoanzishwa mashindano baina ya makundi hayo, watoto walichomeana bendera, wakavamiana vibandani na kutukanana, ingawa hapakuwa na tofauti yoyote baina yao iliyotoka nyumbani. Waandaaji walijaribu kuwakutanisha kwa chakula na burudani, watoto wakaishia kurushiana chakula. Kilichowapatanisha ni kazi ambazo kundi moja lisingeziweza peke yake, kama kurudisha maji ya kambi yalipokatika na kulivuta lori lililokwama. Mimi hunishughulisha zaidi ile sehemu ya mwanzo: ikiwa watoto wanaofanana kwa kila kitu waliweza kugeuzwa mahasimu kwa ratiba ya mashindano tu, watoto ambao tayari wanasikia nyumbani maneno ya "wao" na "sisi" wanahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Huko Uttar Pradesh nchini India, mtafiti Matt Lowe aliwapanga vijana wa matabaka mbalimbali ya Kihindu katika ligi ya kriketi, wengine katika timu za tabaka moja na wengine katika timu za mchanganyiko. Waliocheza timu moja na watu wa tabaka jingine waliongeza marafiki wa tabaka hilo, lakini kukutana nao wakiwa wapinzani kuliwarudisha nyuma. Na kaskazini mwa Iraq, Salma Mousa aliandaa ligi za kandanda kwa Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na wapiganaji wa Daesh (ISIS). Timu nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu na nyingine zilibaki za Wakristo watupu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020: waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi sita baada ya ligi kumalizika, ila nje ya uwanja, kama vile kwenda kula Mosul, tabia zao hazikubadilika sana. Huo ni ukweli wa kuupokea mzima. Timu moja haiondoi yote yaliyomo katika jamii, lakini kile kidogo inachokifanya hupatikana kwa kuwa pamoja upande mmoja.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kuona jambo hilo likifanya kazi. Halaiki ya Mapinduzi, yale maonyesho ya watoto pale uwanja wa Amaan, ni shule kubwa kuliko tunavyoitambua. Watoto hukusanywa kutoka skuli mbalimbali, wakapangwa kwa kimo na kwa umbo la picha inayotakiwa, na hakuna anayejali nani ametoka Bumbwini na nani Kikwajuni, kwa sababu mmoja akichelewa kuinua mkono ua zima linaharibika. Nimewaona watoto wanaorudi kutoka mazoezi ya Januari wakiwa na marafiki wa skuli ambazo hawajawahi kuzikanyaga. (Najua malalamiko ya wazee kuhusu vipindi vinavyopotea, na malalamiko hayo ni ya haki.) Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofungua milango mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha pale Mizingani, nacho kimekuwa kikiwaweka bega kwa bega mpiga kanuni, mpiga udi na mpiga fidla ambao nyumbani kwao wasingepeana zamu ya kuzungumza. Vyuoni dufu ni hivyo hivyo. Safu ya watoto ikiinuka na kuinama kwa pamoja, kila mmoja anamsikiliza wa kulia kwake, na mkono ukikosea pigo unasikika kote.

Kwa upande mwingine, angalieni sikukuu. Siku za Idi viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, na kule Tibirinzi kwa wenzetu wa Chake Chake, hujaa watoto wa kila asili na kila dini, na ni furaha kuwaona. Lakini mtoto huja na dada yake, hupanda pembea na dada yake, hula aiskrimu na dada yake na hurudi naye. Amewaona wengine, hakukutana nao.

Kikwazo kikubwa kwetu ni wakati. Skuli yetu ina mikondo miwili, na mtoto wa asubuhi huenda chuo mchana, wa mchana huenda chuo asubuhi, kwa hivyo watoto wa skuli moja wanaweza kumaliza mwaka bila kujuana. Kinachobaki ni ule muda baina ya Alasiri na Magharibi, saa mbili hivi, na ndani yake kuna kutumwa dukani na kuangalia wadogo. Muda mfupi kiasi hicho hauwezi kuachwa ujipange wenyewe.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba michezo ya watoto wa chini ya miaka 13 iandaliwe kwa timu zinazopangwa kwa kura, kila muhula, na tuache kabisa kuwagawa kwa mtaa, kwa mkondo au kwa chuo. Mashindano ya skuli kwa skuli yabaki kwa wakubwa. Naomba michango yenu, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji, Wete

Waalaykum salaam, mwalimu. Umeandika kwa uchungu na nimekuelewa, lakini naomba unisikilize na mimi.

Huku kwetu Pemba mambo ya asili hayako kama mjini. Tuko watu 543,441 kwa sensa hiyo hiyo, na watoto wengi wa skuli moja ni wa nasaba zinazofahamiana. Mgawanyiko wetu umekuwa wa kijiji na kijiji, na zaidi ya hapo wa chama na chama. Kabla ya maridhiano ya vyama na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyokubali serikali ya umoja wa kitaifa palikuwa na watu ambao hawaendeani mazikoni, na watoto waliyabeba hayo hadi kwenye viwanja vya mpira. Sasa ukiniambia nifute timu ya kijiji, unanivunjia kitu pekee ambacho kilibaki kikiwaweka watoto wa vyama vyote upande mmoja. Timu ya kijiji chetu ndiyo iliyokuwa ya mchanganyiko, kwa maana unayoitaka wewe hasa.

Halafu kuna Tamasha la Elimu Bila Malipo, tunalolifanya kuikumbuka ile tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo. Mtoto wa Konde au Mkoani anayechaguliwa kwenda Unguja na wenzake kushindana hupanda meli akiwa amevaa jezi moja na mtoto wa skuli ambayo wiki iliyopita ilimfunga. Ile kombaini, yaani timu ya wachezaji waliochaguliwa kutoka skuli mbalimbali, inafanya kazi kubwa. Ukiondoa mashindano ya chini, kombaini utaipata wapi?

Mchangiaji, Kikwajuni

Mwalimu, shikamoo, na Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa mada hii. Mimi ni mama wa watoto wanne, watatu wanawake, na nimesoma mchango wako wote nikitafuta binti zangu sikuwaona. Kandanda, kriketi, kandanda tena.

Mtoto wa kike hucheza nage na ukuti na watoto wa mtaa mzima, wa kila asili, mpaka anapofika miaka kumi na moja au kumi na mbili. Hapo tunamwita ndani. Kaka yake anazidi kupanua marafiki, yeye anabaki na binamu zake, na akikua ndiye tunayemtegemea awafundishe watoto wake kuishi na majirani. Kama tunataka mchanganyiko udumu, tuangalie zaidi umri huo. Netiboli ipo skuli, lakini huchezwa mahali pa wazi na kwa mavazi ambayo wazee wengi hawayakubali, na suala la mavazi linatatulika kabisa tukiamua. Kule Nungwi mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kujisitiri mwili mzima, wakifundishwa na wanawake wenzao, na wazee waliokuwa wakikataa wakaruhusu. Mwalimu wa kike, kiwanja chenye uzio, ratiba inayojulikana na mtu wa kuwarudisha nyumbani kabla ya adhana: tukipata hayo manne, mimi binafsi binti zangu nitawaleta, na najua akina mama wa Kihindi na wa Kingazija hapa mtaani ambao wangewaleta wao pia.

Mchangiaji, Tomondo

Mimi nimezaliwa Bara na nimeishi Unguja tangu nikiwa kijana, watoto wangu wote wamezaliwa hapa Mnazi Mmoja hospitali, na sisi ni Wakristo. Nachangia jambo dogo la ratiba. Mazoezi ya watoto mtaani kwetu yamewekwa Jumapili asubuhi, kwa sababu Jumamosi watoto wengi wana chuo. Aliyepanga hakuwa na nia mbaya, lakini watoto wetu wapo kanisani saa hizo, na baada ya wiki chache ikaonekana kwamba hawapendi kuchanganyika. Mwanangu aliitwa "chogo", neno la kuwadharau watu wa Bara, akalia usiku mzima, kisha mtoto huyo huyo aliyemwita akaja kuwa rafiki yake walipowekwa pamoja kwenye kundi la kupanda mikoko, kwa sababu walishika ndoo moja kwa siku kadhaa. Basi naunga mkono hoja ya mleta uzi, na naomba ratiba ipangwe baada ya kuwauliza wazee wote, na siyo wale wanaokutana msikitini peke yao.

Mleta uzi

Nawashukuru nyote, na nianze na ndugu yangu wa Wete, kwa sababu pingamizi lake ni zito. Nakubaliana naye kwamba mahali ambapo mgawanyiko ni wa vyama, timu ya kijiji huweza kuwa ndiyo timu ya mchanganyiko, na hapo isiguswe. Kanuni yangu inabaki kuwa moja: tuulize kwanza mstari unaowatenga watoto wa mahali husika umepita wapi, kisha timu zivukishwe mstari huo. Kwenu umepita ndani ya kijiji. Kwangu umepita baina ya mtaa na mtaa na baina ya mkondo na mkondo. Kuhusu kombaini, ameniongezea hoja. Ile safari ya meli ndiyo ninayoitaka, ila kombaini huwafikia wachezaji bora wachache, na mtoto wa ukutani hayumo kabisa. Nataka kila mtoto aonje alichokionja yule aliyepanda meli.

Mama wa Kikwajuni, marahaba. Niliandika kuhusu kandanda kwa sababu tafiti nilizozitaja zilikuwa za wanaume na wavulana, lakini hoja yako ya umri wa miaka kumi na moja ni ya msingi, na hayo manne uliyoyataja nimeyanakili kwa ajili ya kikao cha kamati ya skuli. Nadhani kwa wasichana wa umri huo dufu la kike, muziki na ushoni vinaweza kuanza haraka zaidi kuliko netiboli, kwa kuwa tayari tuna vyumba vilivyo wazi baada ya mkondo wa mchana, na mwalimu wa kike wa ushoni yupo.

Ndugu wa Tomondo, suala la Jumapili asubuhi tutalirekebisha kwa upande wetu; Jumamosi baada ya Alasiri inawafaa wote, isipokuwa mwezi wa Ramadhani ambapo tutasimamisha michezo ya kukimbia. Na lile neno aliloitwa mwanao linanihuzunisha sana, kwa sababu nalisikia hata kwa watoto wa darasa la tatu, na mtoto wa umri huo hakulitunga mwenyewe.

Kwa wanaotaka kujaribu, utaratibu tunaoutumia ni huu. Majina ya watoto wote wa mikondo miwili huandikwa, kisha kila mtoto huchota kikaratasi cha rangi kutoka kapuni mbele ya wenzake, ili asiwepo atakayesema amepangwa kwa upendeleo. Timu zinaitwa kwa majina ya samaki, Changu, Kolekole, Nguru na Jodari, maana tuliona kwamba timu ikiitwa kwa jina la mtaa tu, watoto wa mtaa huo wanaidai. Timu hukaa pamoja muhula mzima, kwa kuwa wiki mbili hazitoshi kujuana. Unahodha unazunguka, kila mtoto lazima acheze walau nusu moja ya mchezo, na timu inayocheza kwanza ndiyo inayochora mistari ya chokaa na kubeba milingoti ya goli. Hiyo milingoti ni mizito, na ninaamini imefanya kazi kubwa kuliko mabao, kwa sababu haibebeki bila watoto wasiopungua sita, na nahodha akiwa amewasahau wale wapya inambidi aende kuwaita kwa majina.

Tunachokikosa sasa ni kiwanja. Kile tulichokuwa tukikitumia nyuma ya skuli kimeanza kuwekewa misingi ya nyumba, na watoto wa mkondo wa mchana hawana pa kuchezea jua likianza kupungua. Kama yupo mwenye taarifa za eneo la wazi baina ya Fuoni na Tomondo ambalo sheha wa hapo anaweza kuliombea ruhusa, naomba aandike hapa au amwone mwalimu wa michezo wa skuli iliyo karibu naye.